Ukurasa wa Mwalimu: Kugawanya na kuzidisha ni watoto wa mama mmoja



Tuanze na jibu la juma lililopita. Tuliuliza hivi: mama ana plato 3 za mayai, kila plato ina mayai 30. Ameuza mayai 47. Amebaki na mayai mangapi? Jibu ni 43. Plato 3 mara mayai 30 ni mayai 90, ukitoa 47 yanabaki 43. Watoto wengi walituletea 43, tunawapongeza. Wale walioleta 57 tunajua walipokosea: waliona 7 haiwezi kutoka katika 0, basi wakageuza, wakatoa 0 katika 7. Kosa hilo ni la kila mwaka. Mkumbushe mtoto kwamba lazima aende kwanza kuazima kumi kwa jirani.

Leo tunaongea juu ya kugawanya. Wamama watatu walituomba jambo hili. Lakini zaidi ya maombi yao, kuna jambo lililotutokea sisi wenyewe, na tunaona heri tuliseme wazi.

Mwezi uliopita mama mmoja alikuja kutuona mwisho wa masomo. Alikuwa ameshika kaye ya binti yake wa mwaka wa nne. Ukurasa wa kugawanya ulikuwa umejaa wekundu: 0 juu ya 10, tena 0 juu ya 10, halafu 1 juu ya 10. Alingoja wazazi wengine waende, akatuambia kwa sauti ya chini: "Mwalimu, niambie kweli. Kama huyu mtoto hana kichwa ya masomo, afazali abaki na mimi ku soko. Kaka zake wasome."

Hatukumlaumu. Ni kweli tangu mwezi wa 9 mwaka 2019 shule za msingi za serikali ni bure, lakini kaye si bure, biki si bure, viatu na nguo za masomo si bure. Mama mwenye watoto watano anapiga hesabu kila siku, na mara nyingi katika hesabu hiyo ni binti anayetolewa wa kwanza.

Tukamwita binti. Jioni yeye ndiye anayemsaidia mama kuuza mandazi. Tukamuuliza: "Una mandazi 24. Unaweka 6 katika kila mfuko. Unapata mifuko mingapi?"

Akajibu palepale: "Nne."

"Umejuaje?"

"Sita, kumi na mbili, kumi na nane, makumi mbili na ine. Iko mifuko ine."

Tukafungua kaye. Zoezi la kwanza kabisa lilikuwa 24 : 6, na yeye alikuwa ameandika 18. Alikuwa ametoa 6 katika 24. Mtoto alijua kugawanya, tena vizuri. Hakujua tu kwamba zile nukta mbili zilizoandikwa kati ya namba zinauliza jambo lile lile analolifanya kila jioni mbele ya beseni la mama yake.

Wamama, kosa hilo lilikuwa letu. Darasani mwetu wako watoto 64, mabenchi 16, kila benchi watoto 4. Tulikuwa tumefundisha kuzidisha peke yake, watoto wakaimba mara kama wimbo wa kanisa. Miezi ikapita. Halafu tukaleta kugawanya kama jambo jipya kabisa, tukaandika ubaoni maneno makubwa ya Kifaransa, dividande na diviziere, kabla mtoto hajagusa hata punje moja ya haragi. Yule anayekaa benchi la nyuma, mwenye haya, alibaki nje ya mlango.

Ndiyo sababu tunawaandikia leo. Mambo yanayofuata hayahitaji kitabu. Yanahitaji maharagi, na robo saa.

Kugawanya kunauliza maswali mawili

Swali la kwanza: nina mandazi 24, watoto ni 4, kila mtoto atapata mangapi? Hapa tunajua watu, tunatafuta fungu la kila mmoja. Mtoto anagawa moja moja, wewe moja, wewe moja, mpaka yaishe. Kila mmoja anapata 6.

Swali la pili: nina mandazi 24, ninaweka 4 katika kila mfuko, nitapata mifuko mingapi? Hapa tunajua fungu, tunatafuta hesabu ya mafungu. Mtoto hatoi moja moja. Anachota 4, tena 4, tena 4, mpaka yaishe. Anapata mifuko 6.

Kazi ya mikono ni mbili tofauti, lakini katika kaye zote mbili zinaandikwa namna moja: 24 : 4 = 6. Mtu mkubwa haoni tena tofauti hiyo, mtoto anaiona na inamchanganya. Watoto wengi wanajua swali moja tu. Ukiwaambia "gawanya" wanafikiria kugawia watu, na ukiwauliza habari ya mifuko wanasimama. Basi nyumbani muulize yote mawili, na umwache afanye kwa mikono yake. Kitenge kinasaidia sana hapa. Kitenge kizima kina yadi 12. Wamama 3 wakikigawa sawasawa, kila mmoja anapata yadi 4: ndilo swali la kwanza. Ukikikata vipande vya yadi 2, unapata vipande 6: ndilo swali la pili.

Mistari ya maharagi

Sasa tufike kwenye undugu wenyewe. Unapochagua maharagi ya kupika, mpe mtoto punje 24. Mwambie azipange mistari 4, kila mstari punje 6. Muulize: jumla ni ngapi? Mistari 4 mara punje 6 ni 24. Hiyo ni kuzidisha.

Usiguse kitu. Maharagi yabaki pale pale. Muulize tena: punje 24 zimekaa katika mistari 4, kila mstari una ngapi? Sita. Hiyo ni kugawanya. Muulize tena: punje 24, kila mstari una 6, mistari ni mingapi? Nne. Hiyo pia ni kugawanya. Mwisho mwambie azunguke, akae upande wa pili wa meza au wa mkeka. Sasa anaona mistari 6 ya punje 4. Jumla imebadilika? Hapana.

Punje ni zile zile, hakuna iliyosogea, na zimetupatia maneno manne:

4 mara 6 ni 24.
6 mara 4 ni 24.
24 kwa 4 ni 6.
24 kwa 6 ni 4.

Namba hizi tatu, 4, 6 na 24, ni familia moja. Ukijua wawili unamtambua wa tatu. Kuzidisha kunajua watoto na kunatafuta mama. Kugawanya kunamjua mama na mtoto mmoja, kunamtafuta mtoto mwingine. Mtoto akiyaona haya katika maharagi mara tatu au nne, hatayasahau upesi.

Ukiwa na plato ya mayai nyumbani, ni mwalimu mzuri: mistari 5, kila mstari mayai 6, jumla 30. Kaziye ya sukre pia: chupa 24, mistari 4 ya chupa 6. Mwonyeshe mtoto, muulize yale maneno manne.

Katika 24, sita iko mara ngapi?

Mkitaka kubeba neno moja tu la ukurasa huu, bebeni hili. Mtoto akisimama mbele ya 24 : 6, asiulizwe "24 gawanya kwa 6 ni ngapi?" Aulizwe: "Katika 24, sita iko mara ngapi?" Neno "mara" ni lile lile aliloimba wakati wa kuzidisha. Linamrudisha kwenye jambo analolijua: sita mara moja, 6, mara mbili, 12, mara tatu, 18, mara nne, 24. Amefika. Jibu ni 4.

Wengine watasema: basi mtoto ajue kwanza mara zote kwa kichwa. Ni kweli zinasaidia, na hatusemi ziachwe. Lakini si mzigo mkubwa kama mnavyofikiri. Tangu mara 2 mpaka mara 9 kuna mistari 64 ya kukariri. Lakini mtoto aliyeona maharagi anajua kwamba 4 mara 6 na 6 mara 4 ni kitu kimoja. Ukiondoa hizo zinazorudia, yanabaki mambo 36 tu ya kujua. Kati ya hayo 36 mtoto wa mwaka wa tatu anajua mengi tayari, yale ya mara 2 na ya mara 5. Yanayowatesa wengi ni machache: 6 mara 7, 6 mara 8, 7 mara 8, 7 mara 9, 8 mara 9. Andika hayo matano kwenye karatasi, libandike karibu na mahali anapooga au anapokula. Na kila anapolisema, aligeuze: 7 mara 8 ni 56, katika 56, nane iko mara 7.

Kinachobaki

Vitu havigawanyiki sawa kila siku. Wamama 23 wanataka kwenda kumpongeza mwenzao aliyejifungua. Taxi moja inachukua watu 5. Katika 23, tano iko mara 4, ni 20, wanabaki 3. Mtoto anaandika: 4, baki 3.

Hapo tuna kanuni moja: kinachobaki lazima kiwe kidogo kuliko namba inayogawanya. Mtoto akiandika "3, baki 8" usimpigie kelele. Muulize: "Hao wanane waliobaki, hawawezi kujaza taxi nyingine?" Atacheka na atasahihisha mwenyewe.

Lakini swali kubwa ni hili: hicho kinachobaki tukifanye nini? Kaye haisemi. Maisha ndiyo yanasema. Angalieni 23 : 5 katika mambo matatu.

Wamama 23 na taxi za watu 5: jibu ni taxi 5. Hatuwezi kuwaacha wamama 3 barabarani.

Kitenge cha yadi 23, kila mama anahitaji yadi 5 za kushona: jibu ni wamama 4. Yadi 3 zinazobaki hazitoshi nguo ya mtu wa tano.

Franka 23 000 kwa watu 5: kila mmoja anapata 4 000, zinabaki 3 000. Hizo hatuzitupi wala hatuongezi. Tunazivunja, kila mmoja anapata 600 tena. Jibu ni 4 600.

Hesabu moja, majibu matatu, na yote ni ya kweli. Ndiyo sababu mtoto anayepiga hesabu bila kusoma swali mpaka mwisho anakosa, hata kama mara anazijua zote.

Kuvunja pesa

Sasa tuje kwenye ile kugawanya ndefu ya mwaka wa nne na wa tano, inayowatisha hata wazazi. Mnajua inavyoandikwa: namba inayogawanywa kushoto, inayogawanya kuume, mstari wa wima kati yao, na jibu linakaa chini ya ile inayogawanya. Ile ya kushoto ndiyo walimu wanaita dividande, ya kuume ni diviziere, jibu ni kosia, kinachobaki ni resti. Maneno hayo mtoto atakutana nayo mpaka mtihani wa mwisho wa mwaka wa sita, basi ayajue. Lakini kazi yenyewe, wamama wa likilimba mnaifanya tangu zamani.

Wamama 4 wanagawa franka 7 200. Mezani kuna noti 7 za franka 1 000 na noti 2 za franka 100. Mnaanza na noti kubwa, sivyo? Kila mama anapata noti 1 ya 1 000. Zimetoka 4, zimebaki 3. Noti 3 kwa watu 4 haziwezi kugawanyika. Mnafanya nini? Mnamtuma mtoto dukani kuzivunja. Zinarudi noti 30 za 100. Pamoja na zile 2 zilizokuwa mezani, ni noti 32 za 100. Katika 32, nne iko mara 8. Kila mama anapata noti 8 za 100. Basi kila mmoja ana 1 800.

Sasa angalieni mtoto anavyofanya katika kaye. Anasema: katika 7, nne iko mara 1, baki 3. Anashusha 2, inakuwa 32. Katika 32, nne iko mara 8, baki 0. Halafu anaweka 0 mbili zilizobaki nyuma. Ni kazi ile ile. Kule "kushusha 2" ndiko kuvunja zile noti 3 na kuziweka pamoja na zile 2. Mtoto aliyefanya kwa noti anajua kwa nini anashusha. Asiyefanya anashusha kwa sababu mwalimu amesema, na siku atakayosahau hatakuwa na njia ya kujikumbusha. Noti za kweli si lazima; mkate karatasi ndogo, mwandike juu yake 1 000 na 100.

Na hapa mwone pia kwamba tunaanza kushoto, na noti kubwa. Kujumlisha, kutoa na kuzidisha tunaanzia kuume. Watoto wengi wanaanza kugawanya kutoka kuume kwa mazoea. Mwulize tu: "Pesa zikigawiwa, watu wanaanza na noti gani?"

Sifuri inayopotea

Kosa linalorudi zaidi katika kaye tunazosahihisha ni hili: 612 : 6 = 12. Mtoto anasema: katika 6, sita iko mara 1. Anashusha 1: katika 1, sita haimo. Basi anashusha 2 mbio mbio: katika 12, sita iko mara 2. Anaandika 12. Amesahau kwamba mahali pale ambapo sita "haimo", lazima aandike 0. Jibu ni 102.

Namna ya kumwonyesha ni kuzidisha. Mwambie: "Kama jibu ni 12, basi 12 mara 6 iturudishe kwenye 612." Anapiga hesabu, anapata 72. Anaona mwenyewe kwamba ameenda mbali sana.

Hiyo ndiyo hakikisho la kila kugawanya: jibu mara namba iliyogawanya, ongeza kilichobaki, lazima upate namba ya mwanzo. 4 mara 5 ni 20, ongeza 3, ni 23. Wazazi waliosoma zamani wanapenda hakikisho la 9, lile la kujumlisha tarakimu. Si baya, lakini mjue udhaifu wake: halioni sifuri iliyopotea. Tarakimu za 102 zinajumlisha 3, na za 12 zinajumlisha 3 vilevile. Hakikisho la 9 litamwambia mtoto "sawa" hali amekosa. Kuzidisha hakudanganyi.

Juu ya sifuri, neno la mwisho, kwa kuwa watoto wakubwa wanapenda kuuliza. Mandazi 0 kwa watoto 5, kila mmoja anapata 0. Hilo ni rahisi. Lakini 5 : 0 haina jibu. Katika 5, sifuri iko mara ngapi? Chota sifuri mara mia, mara elfu, hutafika kwenye 5. Hakuna namba inayoweza kuwa jibu.

Nyumbani tufanye nini?

Wamama wengi wanatuambia: "Mwalimu, mimi sikusoma, nitamsaidiaje?" Kila jambo tulilosema hapa laweza kufanywa na mama asiyejua kuandika hata jina lake. Tunaomba mambo machache tu.

Robo saa kwa siku inatosha. Saa nzima siku ya Jumapili haisaidii kama robo saa za siku nne.

Mpe mtoto vitu vya kushika mpaka yeye mwenyewe akuambie hana haja navyo. Kuhesabu kwa vidole au kwa maharagi katika mwaka wa nne si aibu. Aibu ni kukisia.

Akikosa, usimwambie jibu na usimpige. Mwambie: "Nionyeshe." Mtoto anayeonyesha kazi yake mara nyingi anaona kosa kabla ya wewe kuliona. Mtoto anayeogopa kofi anatafuta uso wa mzazi, haangalii maharagi. Sisi walimu pia tumeshika fimbo katika saa ya hesabu, na hatujaona hata mtoto mmoja aliyejifunza kugawanya kwa njia hiyo.

Usimwache kijana peke yake agawe na kuhesabu pesa huku binti anaosha masahani. Wote wawili wahesabu, wote wawili waoshe.

Na likilimba ikifika siku ya kugawa, mwiteni mtoto wa mwaka wa nne au wa tano akae kando na kaye yake. Nyinyi mgawe kwa noti, yeye agawe kwa biki. Mwisho mlinganishe. Atajifunza, na sanduku la chama nalo litakuwa na mashahidi wawili.

Tumalize habari ya binti. Tulimwomba mama atupatie majuma matatu kabla ya kukata neno. Kila jioni, kabla ya kutoka na beseni, walipanga mandazi katika mistari na mama akauliza: "Iko mara ngapi?" Darasani sisi tulirudi nyuma na darasa zima, tukaacha ubao siku mbili, tukaleta maharagi. Ijumaa iliyopita binti alipata 6 juu ya 10. Si 10, tunasema ukweli. Mara mbili sifuri ilimpotea, na mara mbili alikosa 7 mara 8. Lakini hayo ni makosa ya mtoto anayejua anachofanya, na yana dawa.

Mama alikuja kuchukua kaye. Akaiangalia, akasema: "Kumbe miaka yote hii mimi nagawanya kila asubuhi, na nilikuwa najiita mjinga." Hakuongea tena juu ya soko. Juma hili binti yuko kwenye benchi lake. Tumemtoa nyuma, amekaa mbele.

Mazoezi ya juma hili

1. Sukre inakuja katika kaziye za chupa 24. Siku ya sikukuu tuna wageni 50, kila mmoja chupa moja. Tununue kaziye ngapi?

2. Watu 8 wanagawa franka 9 600. Kila mmoja atapata ngapi? Mtoto afanye kwanza kwa noti za karatasi, noti 9 za 1 000 na noti 6 za 100, halafu kwa biki.

3. Mtoto ameandika 824 : 4 = 26. Bila kugawanya tena, mwonyesheni kwa kuzidisha kwamba amekosa. Halafu atafute jibu lenyewe.

4. Hili ni la wamama na wababa: nina namba fulani. Nimeigawanya kwa 7, nimepata 8, baki 3. Namba yangu ni ipi?

Majibu tutayatoa juma lijalo. Mtoto asiyeweza kuandika, mama alete jibu kwa mdomo siku ya mkutano wa chama, tutalipokea vilevile.

Mbaki na amani.